Ndoano Ukingoni mwa Ziwa Kivu

Kongo ina bahari. Ni kipande kifupi cha pwani, takribani kilomita 40, kule Muanda na Banana ambako Mto Kongo unamwaga maji yake katika Atlantiki. Mtu wa Goma akitaka kusimama kwenye gati la huko na kutupa ndoano katika maji ya chumvi, itambidi avuke nchi nzima, zaidi ya kilomita 1,800 kwa mstari ulionyooka. Akigeukia mashariki, Mombasa nayo iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Kwa hiyo bahari humfikia mtu wa Goma ikiwa imekwisha kukaushwa. Inakuja kama makayabu, samaki wa chumvi anayelowekwa majini muda mrefu kabla ya kuingia sufuriani, na watoto wengi wa mji huu wamejua ladha ya bahari kwa njia hiyo tu.

Hata hivyo hamu ya kuvua haisubiri bahari. Vijana wa Himbi na Kyeshero, mitaa ya Goma, wanaangalia kwenye simu zao wavuvi wa magati ya mbali, wanaona fimbo inavyopinda na uzi unavyokaza, kisha wanainua macho na kuona maji mapana yaliyo mbele ya mji wao tangu wazaliwe. Swali lao ni la haki kabisa: mbona nasi tusijaribu? Sura hii ni kwa ajili yao, na kwa yeyote aliyekulia kando ya ziwa bila kulishika. Nitaeleza namna ya kuanza, lakini kwanza nitaeleza ziwa lenyewe, kwa sababu Kivu halifanani na maji mengine yoyote ambayo mtu anaweza kujifunzia uvuvi. Asiyelijua atakaa mchana kutwa bila kuguswa chambo, na pengine atajiweka hatarini bila habari.

Mvuvi wa mshipi wa Mombasa au Unguja, kabla hajafunga chambo, anauliza habari za maji. Yanajaa au yanakupwa? Ni bamvua au maji mafu? Samaki wa pwani ya bahari wanaingia na kutoka kwa amri ya mwezi, na gati lililokuwa na maji ya kina asubuhi linaweza kusimama juu ya tope adhuhuri. Kivu halina mambo hayo. Maji yake hayajai wala hayakupwi kwa namna ambayo mtu wa mwambani anaweza kuiona. Hapa unauliza upepo. Mapambazuko mara nyingi huwa shwari, maji yametulia, na mwamba unaonekana mpaka chini. Jua likipanda na upepo ukaamka, mawimbi yanaanza kupiga mawe, na mwenye fimbo nyepesi hana tena la kufanya.

Chumvi ipo, ila si ya bahari. Lita moja ya maji ya juu ya Kivu ina takribani gramu moja ya chumvi za aina mbalimbali, na ukishuka hadi chini kabisa inafika gramu sita hivi. Lita ya maji ya bahari ina gramu 35. Chumvi za Kivu zinatoka ardhini, katika chemchemi zinazoingilia chini ya ziwa na katika miamba ya volkano. Kwa kuwa juu chumvi hiyo ni kidogo, watu wa Goma wanayachota maji haya kwa bidoni za njano, wanayapakia juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumwa, na kuyapeleka mitaani. Kuyanywa bila kuyatibu ni jambo jingine, na kipindupindu kimeufundisha mji huu somo hilo mara nyingi mno.

Maji ya chini ya Kivu ni mazito kwa sababu ya chumvi na gesi zilizoyeyuka ndani yake. Yakiwa mazito hayapandi juu, na ya juu hayashuki kuyachanganya. Ziwa lina kina cha mita 485 mahali pa chini kabisa, lakini hewa ya oksijeni inaishia kwenye mita 60 hivi, na nyakati nyingine za mwaka haifiki hata hapo. Chini ya mpaka huo hakuna samaki. Kuna kaboni dayoksaidi, ambayo wataalamu wanaikadiria kuwa kilomita za ujazo 300, na methani kilomita za ujazo 60. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiivuta methani hiyo tangu mwaka 2016 na kuigeuza umeme wa megawati 25 hivi. Samaki wote wa Kivu, basi, wamekaa juu kama utando wa maziwa juu ya sufuria.

Na utando huo nao haukujaa samaki sawasawa. Kivu lina aina za samaki zisizofika 30, ilhali Tanganyika, ndugu yake wa kusini, lina mamia. Sababu yake iko kwenye milima tunayoiona kila siku. Zamani za kale maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikainuka na kuziba njia, maji yakajaa, yakatafuta mlango mwingine, mwisho yakatokea kusini kwa Mto Ruzizi kwenda Tanganyika. Mto huo una maporomoko makali, kwa hiyo samaki wa Tanganyika hawakuweza kuupanda. Ziwa likabaki na samaki wachache waliokuwamo, na karibu wote ni wa ukingoni: furu wadogo wa aina zaidi ya kumi zisizopatikana penginepo duniani, kambare, na jamaa wengine wa matete na mawe. Katikati, kwenye maji mapana, palikuwa patupu.

Pengo hilo lilizibwa na mkono wa binadamu. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Mbelgiji aitwaye Collart alileta vifaranga vya dagaa kutoka Tanganyika na kuvimwaga humu. Aina mbili zililetwa, moja ikashindwa, nyingine ikashika. Iliyoshika ni Limnothrissa miodon, yaani sambaza, ambaye leo hakuna meza ya Goma isiyomjua: anakaangwa mzima na kichwa chake, anawekwa pilipili na ndimu, analiwa na bugali. Wako wanasayansi waliolalamika baadaye kwamba mgeni huyu alimaliza wadudu wa maji waliokuwa wakichuja ziwa, na hoja yao ina uzito. Lakini nikipita sokoni na kuona mama anawapimia sambaza wanawake wenzake kwa kikombe, na kila mmoja akiondoka na kitoweo cha nyumba nzima, siwezi kusema kwamba Collart alikosea.

Sambaza wanavuliwa usiku, mbali na ukingo. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu iliyochomoza mbele na nyuma, wavu unashushwa kati yake, taa zinawashwa. Zamani zilikuwa karabai, sasa wengi wana balbu za betri. Mchana sambaza hushuka mpaka karibu na mpaka wa oksijeni, usiku hupanda kufuata chakula chao, na mwanga unawakusanya juu ya wavu. Ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kubwa kazi inasimama, kwani taa haishindani na mwezi mpevu. Chombo kizima na watu wake wanakiita ekipe, na ukiamka mapema ukingoni utawasikia wakirudi huku wakiimba, makasia yakifuata wimbo. Huo ni uvuvi wa kikosi. Unahitaji mtaji, wavu, kibali na vifua vya wanaume wengi.

Uvuvi wa ndoano unahitaji mtu mmoja na mahali pa kusimama, na hapa ndipo nataka msomaji anielewe vizuri. Penye bahari, anayevua kutoka gatini mara nyingi anajiona amebaki nyuma. Samaki wakubwa wako nje, kwenye kina, na wenye mashua ndio wanaowapata. Kivu ni kinyume chake. Ukiwaacha sambaza, samaki wa ziwa hili wanaishi kwenye mkanda mwembamba unaofuata ukingo, kwa sababu chini yao hakuna hewa na mbele yao hakuna chakula chao. Ukingo wenyewe unateremka ghafla. Penye mawe ya Goma, hatua chache kutoka ulipo, tayari ni kina kirefu. Aliyesimama juu ya mwamba akiwa na mwanzi wa mita tatu hajakosa kitu. Amesimama mahali penyewe. Hahitaji mashua wala fimbo ya bei iliyoagizwa kutoka nje, na hahitaji kutupa mbali.

Mwamba huo nao una historia yake. Mwezi Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka ubavuni, lava ikapita katikati ya mji, ikala nyumba na maduka na sehemu ya uwanja wa ndege, ikateremka mpaka ziwani. Watu walikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa malaki. Wataalamu waliogopa kwamba moto huo ukizama sana ungeiamsha gesi iliyolala chini, jambo lililotokea kwa kiasi kidogo zaidi katika Ziwa Nyos la Kameruni mwaka 1986 na kuua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja. Lava haikufika kiasi hicho. Iliganda, ikaongeza ardhi mpya ndani ya maji, na leo mtu mzima anaweza kukaa na fimbo yake juu ya jiwe lenye umri mdogo kuliko wake. Mlipuko ulirudi tarehe 22 Mei 2021, ukaishia pembezoni mwa mji kabla ya kufika majini.

Jiwe la lava ni kali na lina matundu. Linakata viatu vyepesi na linakata uzi. Ndani ya maji lina nyufa zinazomeza ndoano, na kwa sababu hiyo mtu wa Goma hafungi chubwi zito kama mvuvi wa mchanga wa Bamburi, Mombasa. Ukishusha chubwi mpaka chini, umekwama. Hapa chambo kinaning'inia. Kinachokishikilia ni boya dogo, na nimeona maboya yaliyochongwa kutoka soli ya ndara, kutoka bua la mtama, kutoka kizibo. Chini yake ni uzi mwembamba wa nailoni, kipande kidogo cha risasi kama punje ya maharage ili uzi usielee, na ndoano ndogo kuliko unavyodhani. Mgeni daima huchagua ndoano kubwa akiota samaki mkubwa. Kinywa cha furu ni kidogo, na hata tilapia mzima anakula kwa kudonoa. Chambo ni nyungunyungu waliochimbwa penye udongo mweusi wenye unyevu, au kidonge cha bugali baridi kilichokandwa kikakaza.

Aliyenionyesha kazi hii ni mzee wa Kyeshero ambaye mikono yake ilikuwa na makovu meupe ya uzi. Nilimkuta mahali ambapo ukuta wa kiwanja kimoja unaishia na mawe yanaanza, nikamwamkia, nikaomba kukaa. Alisogea kidogo. Baada ya muda akanipa mwanzi wake wa pili bila kusema neno, na mimi, niliyekwisha kuandika kurasa nyingi juu ya ziwa hili, nikashika fimbo kwa mara ya kwanza.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba boya linazungumza. Furu akigusa, boya linatetemeka, linaruka ruka, linatulia, linatetemeka tena. Anapigapiga kingo za chambo. Ukivuta hapo unatoa ndoano tupu. Tilapia ni tofauti. Boya halitetemeki. Linaanza kuondoka taratibu kwa upande, likiwa limelala, kana kwamba upepo umeligeuza, kisha linazama bila kelele.

"Muache akule kwanza, papa," mzee aliniambia nilipokaza mkono. "Ukikokota mbio utamupasua kinywa."

Nikamwacha ale. Boya likazama, mzee akaitikia kwa kichwa, nikainua. Uzito wa samaki mdogo kwenye mwanzi unafika moja kwa moja kwenye kifundo cha mkono, na sikutarajia kwamba kiumbe kisichozidi kiganja kingekuwa na nguvu namna ile. Alikuwa furu dume. Mzee alilowesha mikono yake kabla ya kumshika, kwa sababu mkono mkavu unamvua samaki ute unaomkinga na maradhi. Akamgeuza juani. Ubavu ulikuwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, na kwenye pezi la chini, karibu na mkia, palikuwa na madoa ya rangi ya machungwa, ya mviringo, yamepangwa kama mayai.

Madoa hayo yana kazi, na kazi yenyewe ndiyo sababu kubwa ya mimi kupenda ndoano kuliko nyavu nyingi zinazopigwa ukingoni. Jike wa furu hutaga mayai kisha huyachukua kinywani mwake mara hiyo hiyo. Dume humwonyesha madoa ya pezi, jike akidhani ni mayai yaliyobaki anayafuata kwa kinywa, na hapo ndipo anapopokea mbegu. Kisha anaondoka na uzao wake mdomoni. Anaulea humo siku nyingi, anapumua kwa uangalifu, anawatoa watoto wakiwa wanaweza kuogelea, na hatari ikija anawafungulia kinywa waingie tena. Tilapia wa Nailo naye hulea vivyo hivyo.

Jike mwenye watoto kinywani kwa kawaida hali. Mtu mwenye ndoano, kwa hiyo, ni nadra kumpata. Chambo kinapita mbele yake naye anakiacha. Lakini chandarua cha mbu kilichoshonwa kuwa wavu, kikiburutwa kando ya matete na watoto wawili asubuhi moja, kinambeba yeye, kinabeba wanawe, kinabeba na vifaranga vya sambaza ambao hukaa karibu na ukingo kabla hawajahamia maji ya katikati. Nimeviona vitu hivyo kwenye sahani sokoni, uji wa macho meusi usio na jina, vikiuzwa kwa bei ya karibu na bure. Simlaumu mama anayevinunua. Ana watoto wa kulisha, na vita imemfungia njia za mashamba. Lakini namwambia kila anayenisikiliza kwamba ukingo ukimalizwa, hakuna hifadhi nyingine nyuma yake. Bahari ina nje yake. Kivu halina. Rwanda hufunga uvuvi wa sambaza kwa takribani miezi miwili kila mwaka ili samaki wazae, na ziwa ni moja. Samaki hawatambui mpaka uliopita katikati ya maji.

Sasa niseme juu ya hatari, na hapa sitapita haraka. Ya kwanza ni mazuku. Upande wa magharibi wa mji, kuanzia Himbi kuelekea Kyeshero na Bulengo, ardhi inatoa kaboni dayoksaidi kupitia nyufa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Usiku usio na upepo inajikusanya mashimoni na kwenye mabonde madogo ya mawe, haina rangi, huisikii kwa pua, na anayeinama ndani yake anaweza kuanguka kabla hajaelewa kinachompata. Saa nzuri ya kuvua, yaani mapambazuko yaliyotulia, ndiyo hiyo hiyo saa ambayo mazuku yamejaa. Usikae shimoni kujikinga baridi. Usimtangulize mtoto. Ukiona mjusi au ndege amekufa kwenye shimo bila jeraha, ondoka hapo na uwaambie wengine. Kaa juu, palipo wazi na hewa inapita, hata kama jiwe la juu si la kukalika vizuri. Na mtu akianguka shimoni, usiinamie kumvuta kichwa chini, maana ndivyo wanavyokufa wawili na watatu. Wengi wa wenyeji wanajua maeneo mabaya kwa majina ya wenye viwanja. Uliza.

Ya pili ni maji yenyewe. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea ndugu zao. Barabara zilikuwa zimekatwa na vita, kila aliyetaka kufika Goma alipanda chombo, na chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Wengi walikufa. Tangu hapo nimesikia wazazi wakiwakataza watoto wao hata kukaribia mawe, na siwezi kuwaambia kwamba hawana sababu. Ninachosema ni kwamba katazo halimfundishi mtoto kuogelea. Kivu halina mamba. Kinachoua ni ukingo unaoteremka ghafla, jiwe lililoota ute wa kijani, na mwili usiojua la kufanya ndani ya maji. Anayetaka kuvua ajifunze kwanza kuelea, avae viatu vyenye soli ya kushika, asiende peke yake, na akianguka aache fimbo iende.

Ya tatu ni ya binadamu. Mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na mwenye busara huuliza kabla ya kukaa karibu na bandari, hasa gizani. Hata kabla ya hapo gati halikuwa mahali pa kila mtu. Penye mizigo na vyombo vya Bukavu na Idjwi pana walinzi, pana amri, na mtu mwenye mwanzi anaweza kufukuzwa bila maelezo. Mpango mzuri ni kuongea na mkubwa wa mahali mapema na kukubali akikataa.

Lakini iko hatari nyingine isiyoua mtu, nayo inanisumbua kuliko zote. Tembea kutoka Himbi mpaka Kyeshero ukijaribu kuliona ziwa. Utaona kuta. Utaona milango ya chuma, miiba ya nyaya, mageti ya hoteli. Ziwa liko nyuma yake, unalisikia, na hulioni. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja umebakiza upenyo mmoja mmoja ambao mtu asiye na kiwanja anaweza kuupita kufika majini, na humo humo kwenye upenyo ndimo panafuliwa nguo, panachotwa maji ya kunywa, panapakiwa makaa, panatupwa taka. Yule mzee wa Kyeshero anakaa pale kwenye kona ya ukuta kwa sababu mwenye ukuta alichoka kujenga kabla ya kufika jiwe la mwisho. Akija mwingine mwenye saruji zaidi, mzee atahama, na sijui kama pana mahali pa kuhamia.

Mtoto anayekaa na boya lake asubuhi mbili tatu anajua vitu ambavyo sikuvijua mimi kwa miaka mingi ya kusoma. Anajua maji yamebadilika rangi. Anajua kwamba mwaka huu furu wa mawe yale ni wadogo kuliko wa mwaka jana. Anajua sabuni ilipomwagwa na siku samaki walipokimbia. Wanasayansi wa Kituo cha Volkano cha Goma wanapima mlima na gesi, na kazi yao inaokoa maisha. Lakini hakuna chombo cha kupimia ukingo kila siku isipokuwa macho ya watu wanaoukalia, na watu hao hawawezi kuukalia wakiwa nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo ninawaomba wanaogawa viwanja, wa leo na watakaokuja baada yao: acheni njia. Kila baada ya kuta kadhaa acheni upana wa chukudu mbili kupishana, mpaka kwenye maji, na muandike kwamba ni ya wote. Na wewe uliyesoma mpaka hapa ukitaka kuanza, tafuta mwanzi, uzi, ndoano ndogo na mwenzako mmoja anayejua kuogelea. Nenda alfajiri isiyo na upepo, kaa juu ya jiwe lililoinuka, shusha chambo mita mbili tu. Ukimpata jike mwenye mayai kinywani, lowesha mikono, mtoe ndoano taratibu, na umrudishe majini kabla hajayatema.